Bei Isomwe na Mkulima Mwenyewe

Zamani wanunuzi wa korosho walitia barua za bei sandukuni, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Mwaka 2024 minada hiyo ilihamia katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mimi naona ni maendeleo, maana mnunuzi aliye mbali aweza kushindana bila kufunga safari.

Lakini programu hubadilishwa kila mara. Mzee wa Tunduru aliliona sanduku likifunguliwa. Je, kioo cha kompyuta ataelezwa na nani?

Sisi wanafunzi wa Lizaboni tunafundishwa kompyuta. Likizo ifikapo, tukae na wazazi wetu tuwasomee bei na makato kabla hawajakubali kuuza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni mtandao.