Mgao umepungua, rafu ziseme nini? Maduka madogo ya Kakuma na Kalobeyei

Kama una duka Kakuma au Kalobeyei, hali ya sasa unaijua bila kusimuliwa. Mteja anakuja, anatazama, anauliza bei ya sukari, anauliza ya unga, kisha anasema atarudi jioni. Mwezi Juni 2025 mgao wa chakula wa WFP kwa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili, na fedha ambazo familia zilikuwa zikipokea zikasimamishwa. Agosti mwaka huohuo ukaanza utaratibu wa kuzigawa familia katika makundi manne kulingana na uhitaji, na wale wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea hawamo kwenye orodha ya chakula.

Kuzungumzia namna ya kupanga bidhaa dukani wakati kama huu kunaweza kusikika kama mzaha. Lakini hebu fikiria: mtaji huna wa kuongeza, muuzaji wa jumla amekaza mkono, nauli ya mzigo kutoka Kitale au Lodwar huwezi kuipunguza wewe. Kilichobaki mikononi mwako ni bidhaa ulizonazo, ukuta wa mabati, na dirisha ambalo mteja anachungulia. Hapo bado kuna kazi ya kufanya, na sehemu ya kazi hiyo inamhusu mteja pia.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalisemi. Mpangilio wa maduka yetu ulizaliwa na mgao. Kwa miaka mingi familia ilipokea nafaka, mbaazi za njano na mafuta, ikauza sehemu yake ili ipate kile ambacho mgao haukuwa nacho: sukari, majani ya chai, kitunguu, nyanya, sabuni, dagaa. Mwenye duka akaweka hivyo vya ziada mbele, penye macho ya mteja, na unga ukakaa nyuma kwenye magunia kwa sababu kila nyumba ilikuwa na wake. Ilipokuja Bamba Chakula mwaka 2015, salio la chakula likapita kwenye simu na wafanyabiashara walioandikishwa wakawa na wateja wa uhakika kila mwezi. Maduka hayo yalijaa. Mteja alifika akijua atanunua nini, mara nyingi pa kwenda kwingine hakuwa napo, na mpangilio haukuwa na uzito mkubwa.

Sasa mambo yamegeuka. Nyumbani hakuna unga wa kuuza; kuna unga wa kutafuta. Bado maduka mengi yamepangwa kana kwamba ni mwaka 2019: biskuti na juisi zimepangwa vizuri mbele ya kauntari, na unga, maharage na mafuta ya kupima yako gizani nyuma. Mtoto aliyetumwa na shilingi 30 anasimama dirishani na hajui kama pesa yake inatosha kitu chochote hapo. Anaona vitu vya watu wengine. Anaenda mbele.

Kwa hiyo la kwanza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote: weka chakula cha kila siku mbele, kikiwa kimepimwa tayari. Uchumi wa kadogo si jambo geni Kenya, mafuta ya kupima na sukari ya robo vimekuwepo siku zote. Kinachobadilika ni kuonekana. Ukiwa na mtungi wa kioo au kopo la plastiki angavu lenye unga, jingine lenye maharage, jingine lenye mbaazi, na mbele ya kila mtungi kipande cha katoni kilichoandikwa bei ya robo, ya nusu na ya gorogoro, mteja anahesabu kabla hajafungua mdomo. Mtu mwenye pesa kidogo huona aibu kuuliza bei mara tano kisha akanunua kitu cha shilingi 20. Bei iliyoandikwa inamwondolea aibu hiyo, na wewe unampata.

Mitungi ya peremende, ya mayonezi na ya siagi ya karanga hutupwa kila siku. Osha vizuri kwa maji moto, kausha juani, hakikisha kifuniko kinafunga. Ile iliyowekewa rangi, dawa au mafuta ya taa usiitumie kwa chakula hata ukiiosha mara kumi. Na mfungio: tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu yake ni kubwa. Vifuko vyepesi vya plastiki ambavyo baadhi ya maduka bado hufungia sukari vinaweza kukuletea taabu ambayo faida ya mwezi mzima haitailipa. Karatasi ya kaki iliyokunjwa kama koni inatosha kwa robo kilo, au mteja aje na kopo lake, kama mama zetu walivyofanya kabla ya mifuko.

Suala la lugha lina uzito hapa kuliko mahali pengi. Dirishani mwako atasimama Mturkana, Msomali, mtu wa Sudan Kusini, Mkongo, Mrundi, Mwethiopia. Wengine wanasoma Kiswahili, wengine Kiarabu, wengine Kifaransa, na wengi wa rika la wazee hawakusoma. Tarakimu ndiyo lugha inayowaunganisha. Andika namba kubwa, nyeusi, kwa chaki au makaa, na pembeni weka kitu chenyewe badala ya jina lake: punje chache za mahindi zilizogundishwa kwenye katoni, jani la chai, kipande cha sabuni. Majina yanatofautiana mno. Anayeuliza omena na anayeuliza ndagala wanataka samaki wale wale wadogo, lakini wakisoma jina geni wanadhani hujaleta. Mwenyeji anayetoka mbali na kuni au makaa yake hukagua kwa haraka maana ana safari ya kurudi; sukari, majani, unga na tumbaku vikae mahali ambapo atavipata kwa mtazamo mmoja.

Mafunzo ya biashara yanayotolewa na mashirika mara nyingi hufundisha mpangilio wa supamaketi: bidhaa ghali kwenye usawa wa macho, maziwa na mkate mwisho kabisa ili mteja apite kwenye vingine vyote. Ni maarifa ya kweli, kwa supamaketi. Duka letu ni dirisha lenye wavu wa chuma, mteja haingii. Anachokiona ni eneo dogo kati ya kiuno chake na kichwa, na giza lililo nyuma ya mgongo wako. Ukificha mkate nyuma hapa, hutamtembeza mteja popote. Atahamia kibanda cha jirani. Lile la usawa wa macho linafaa, ila pima kwa macho ya anayekuja kweli. Wanunuzi wengi wa jioni ni watoto waliotumwa. Piga magoti nje ya duka lako uone wanachokiona wao.

Rafu tupu ni tatizo lingine, na hapa watu wamekuwa wabunifu wenyewe. Baadhi hupanga katoni tupu juu ili duka lionekane limejaa. Si dhambi, ila mteja akiomba mara mbili kitu ambacho katoni yake anaiona na ukamwambia kimekwisha, mara ya tatu haombi. Afadhali kupunguza rafu. Toa mbao mbili, sogeza bidhaa zote katika sehemu moja ya ukuta yenye mwanga, zitazame nje, mstari wa mbele ukiwa umenyooka. Nafasi iliyobaki izibe kwa kitenge kilichotandazwa, na kama unauza vitenge basi umepata tangazo. Kitambaa usikiache kwenye jua la Turkana: upande mmoja utapauka ndani ya wiki chache na hakuna atakayelipa bei kamili. Tundika chini ya kivuli, kikunjwe mlalo ili ua zima lionekane. Wa mitumba wanajua tayari kwamba kamera hutundikwa juu kwenye henga, na zilizobaki zikalala kwenye turubai kwa bei moja.

Joto na vumbi vinahitaji kutajwa, japo kwa ufupi. Mafuta, chokoleti, sabuni za maji na dawa za meno visikae vimegusa mabati ya upande wa magharibi. Futa vumbi asubuhi na tena saa kumi, kwa sababu kopo lenye vumbi mteja hulisoma kuwa la zamani, na safari hii hakosei sana: mauzo yakipungua, bidhaa hukaa hadi tarehe yake ikapita. Panga inayokaribia kuisha mbele, punguza bei, andika wazi kwamba ni ya kumaliza wiki hii. Iliyopita tarehe iondoe. Kuiuzia familia ambayo mlo ni mmoja kwa siku ni kuichukulia mlo huo.

Jioni ndiyo saa ya soko. Balbu moja ya sola ikielekezwa kwenye bidhaa, badala ya kwenye uso wa muuzaji, inauza kuliko rangi mpya ya ukuta.

Tufike kwenye lile linalouma. Duka dogo huonyesha zaidi ya bidhaa. Huonyesha pia madeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioifuatilia Kalobeyei waliandika kwamba familia nyingi zilikuwa na madeni kwa wenye maduka ya chakula, na kwamba deni lilimfunga mteja arudi duka lile lile hata kama kwingine ni rahisi. Mkopo huo ulisimama juu ya jambo moja: mwezi ukifika, fedha itaingia. Fedha iliposimama, daftari likabaki limejaa na hakuna siku ya kulipa. Mwenye duka anadaiwa na wa jumla, mteja anadaiwa na mwenye duka, na wote wawili wanakutana bombani kila asubuhi.

Ndipo yanapozuka matangazo ambayo hayajengi. Karatasi yenye majina ya wadaiwa ikibandikwa mlangoni ni fedheha kwa mama ambaye mgao wake ulikatwa na watu asiowajua. Zaidi ya hapo haileti pesa: anayeona jina lake pale huanza kuzunguka njia nyingine, na wewe umempoteza pamoja na deni. Majina, namba za simu na kadi za watu ni taarifa zao binafsi, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu mwaka 2019. Kadi au laini ya simu ya mteja haipaswi kukaa kwenye droo yako kama rehani. Kama mkopo umeufunga, andika ubao wa kawaida: kwa sasa tunauza taslimu na M-PESA. Utaeleweka. Kwa wanaodaiwa, kaa nao mmoja mmoja, mkubaliane hata shilingi 50 kwa wiki, kila mmoja abaki na nakala.

Wengine wanaogopa kuandika bei kwa sababu wana bei mbili, ya taslimu na ya mkopo. Tunaielewa hofu hiyo. Anayekopesha anabeba hatari na ana haki ya kuihesabu. Lakini bei ya siri ndiyo iliyozaa manung'uniko kati ya wakimbizi na wenyeji, kila upande ukiamini kwamba mwingine anauziwa kwa bei nafuu. Andika zote mbili. Na mizani iwe mbele, uso wake ukimtazama mteja, ikiwa na mhuri wa ukaguzi. Gorogoro lililobonyezwa chini kila mtu sokoni analijua, hata wanaonyamaza.

Wewe unayenunua pia una nafasi. Uliza bei ya kilo, hata kama unanunua robo, kisha gawa mwenyewe. Pakiti ndogo mara nyingi hutoka ghali kwa kilo, na jirani watatu wakichanga wanaweza kununua gorogoro na kugawana nyumbani.

Kuna mipaka ya yote haya. Mwaka 2018 shirika la IFC lilichapisha utafiti uliohesabu zaidi ya biashara 2,000 Kakuma na uchumi wa takriban shilingi bilioni 6, na tangu hapo Kakuma imekuwa ikitajwa kama soko. Sehemu kubwa ya fedha katika soko hilo ilianzia kwenye misaada, mishahara ya mashirika na fedha za ndugu walio nje. Chanzo kimoja kikikauka, mitungi mizuri haitakijaza. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unazungumzia makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watafanya biashara pamoja na kujitegemea. Kujitegemea kunahitaji barabara ya kupeleka bidhaa nje, vitambulisho vinavyokubalika benki, na ruhusa ya kusafiri kwenda Kitale kuchagua mzigo mwenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango wa kazi na biashara, ila anayetoka kambini bado anahitaji kibali cha kusafiri. Mwenye duka ambaye hawezi kwenda kwa muuzaji wa jumla mjini hununua kwa wa jumla wa hapa, kwa bei ya hapa, na tofauti hiyo huilipa mama mwenye shilingi 30.

Mvua zikikaribia, inua rafu ya chini. Wanaokaa karibu na laga Tarach wanajua maji huingia usiku bila kubisha hodi. Mbao juu ya matofali matatu huokoa gunia zima. Mafuta ya taa na petroli vikae mbali na unga na mbali na jiko, nje ikiwezekana, maana vibanda vyetu vimegusana na moto hauchagui cha nani. Kibali cha biashara cha kaunti kibandike ukutani panapoonekana, ndani ya karatasi ya plastiki kisiliwe na vumbi, na risiti ya malipo uiweke nyuma yake.