Nionyeshe Mizizi Kwanza

Nchi hii inapenda sana picha ya mtu aliyeshika mche. Mwanasiasa ameshika mche. Meneja wa benki ameshika mche, kavaa gambuti mpya ambazo hazijawahi kuonja tope. Nyuma yao watoto wa shule wamepangwa foleni, jua linawachoma. Kinachoonekana kwenye picha ni majani. Kile kifuko cheusi cha nailoni kilicho chini ya majani hakuna anayekitazama, na mimi nasema hapo ndipo tunapoibiwa mchana kweupe.

Najua kwa sababu tumeibiwa. Cucu yangu ana shamba dogo huko Mathira, ng'ambo ya Karatina. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi kwake, naye akanipa robo ekari, nadhani ili nisikae jikoni siku nzima nikitazama simu. Tukakubaliana kupanda avokado za Hass. Akatoa pesa zake za kahawa, nikaenda kwa kitalu kimoja kando ya barabara nikanunua miche 40. Ilikuwa mirefu, inanifika kiunoni, majani yanang'aa. "Kijana, hii tayari ni miti," muuzaji akaniambia. "Wewe ni kungojea matunda tu."

Mwaka wa kwanza haikukua. Mwaka wa pili majani yakawa manjano, tukaongeza samadi. Mwaka wa tatu upepo ukalaza saba usiku mmoja. Nilishika mmoja nikauvuta, ukatoka kama karoti. Chini ya shina mizizi ilikuwa imejisokota duara, imekaza, ina umbo lile lile la kifuko tulichokitoa siku ya kupanda. Udongo mwekundu wote ule wa Mathira ulikuwa umeuzunguka, na mti bado ulikuwa unaishi ndani ya karatasi ya inchi 4 kwa 6.

Cucu hakusema kitu. Alienda akaleta panga.

Mimi sikusomea kilimo, na hata nilichosomea sikumaliza. Lakini hili halihitaji digrii. Mzizi ukigonga ukuta wa kifuko, unapinda na kuanza kuzunguka. Ukizunguka kwa muda mrefu unakomaa na kuwa mgumu kama ubao, na hapo hata ukiuhamishia kwenye shamba la ekari kumi hautanyooka. Mti unaponenepa, mizizi nayo inanenepa, na ile iliyosokotana inaanza kunyongana. Huu mti hufi leo. Unakufa baada ya miaka mitatu, wakati muuzaji ameshabadilisha namba ya simu.

Sasa usinielewe vibaya. Kifuko kidogo chenyewe hakina kosa. Ukubwa wa chombo ni ahadi ya muda. Kifuko cha inchi 4 kwa 6 kinamwambia mwenye kitalu: una miezi michache, baada ya hapo nipande au unihamishe. Aliotesha akilenga mvua ya Aprili. Mvua ikachelewa, wateja wakakosekana, akasema tungoje Novemba. Novemba ikapita. Kuhamishia miche kwenye vifuko vikubwa kungemtaka udongo zaidi, samadi zaidi, kibarua wa kumlipa, na pikapu ingebeba michache kuliko awali. Kwa hivyo hakuhamisha. Mche ukaendelea kurefuka juu huku chini ukijinyonga, na sisi wateja, kwa ujinga wetu, tukalipa zaidi kwa sababu ya urefu. Mche mfupi ambao mzizi wake umenyooka ungekuwa umeupita ule kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Kuna watu wa mjini wanaosoma hapa na wanajiona werevu: si uweke tu kwenye ndoo kubwa tangu mwanzo, umalize kazi? Hapana. Hilo nalo nimelijaribu, kwenye veranda ya bedsita Nyeri mjini, na pilipili tatu zilikufa ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Chombo chenye upana maradufu na kimo maradufu kinabeba udongo mara nane. Mche mdogo hauwezi kunywa maji yote yanayokaa humo. Hapa kwetu Julai unaweza kukaa wiki nzima bila kuliona jua, mlima umefunikwa, nguo hazikauki. Udongo ambao hauna mizizi unabaki umelowa, unakosa hewa, na mizizi inaoza. Unaona majani yamelegea, unadhani ni kiu, unaongeza maji. Umeua.

Njia ni ya katikati, na haina siri. Toa mche polepole utazame. Mizizi ikiwa imefika ukingoni lakini haijaanza kuzunguka, huo ndio wakati. Chagua chombo kinachozidi lile bonge la udongo kwa inchi moja hivi kila upande. Mkebe wa Kimbo, kisha kopo la Kasuku, kisha ndoo, hatua kwa hatua. Toboa matundu chini kwa msumari uliopashwa moto. Kokoto za chini usijisumbue nazo, hazipunguzi maji, zinakula tu nafasi ya udongo. Mizizi ikiwa imeshaanza kujikunja lakini bado ni laini, kata kile kipande cha chini na uchane pembeni kwa kisu kabla ya kupanda. Ikiwa imeshakuwa ubao, usiununue.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa hapa Ihithe, Tetu, mwaka 1940. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, anasimulia kuhusu mugumo wa karibu na kwao na kijito kilichotoka hapo. Mizizi ya mugumo ule ilishika ardhi na kufungulia maji njia. Mti ulipokatwa, kijito kikakauka. Mama huyu alielewa kwamba mti ni mzizi kwanza. Na alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake walikuja kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Haikuwa kwa kila mche uliopandwa. Ukilipwa kwa kile kilichoishi, utaangalia kifuko, utaangalia mizizi, utarudi kumwagilia.

Sisi tumegeuza hesabu. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nzima ya kupanda miti, na lengo lilikuwa milioni 100. Sina ugomvi na lengo kubwa. Nina ugomvi na namba inayofungwa jioni ile ile, kabla mzizi haujagusa udongo mpya. Ukihesabu siku ya kupanda, kifuko kilichopitwa na muda na kifuko kizuri vina thamani moja, na kile kibaya ni rahisi kukipata. Anayesema "mche ni mche" ajue anamsaidia nani.

Kwa hivyo, wenye vitalu: andikeni kwenye kila safu mwezi mlioatika, na mche uliopitwa na wakati uhamisheni au mutupe. Tuongezeeni bei, tutalipa. Mlio kwenye picha: rudini baada ya miaka mitatu na kamera ile ile.

Na wewe unayetaka kununua, kuanzia Karatina hadi Nanyuki: acha kutazama majani. Nunua mmoja, mpe muuzaji pesa yake, kisha ukipasue kifuko pale pale mbele yake. Atakasirika, mwache akasirike. Ukikuta mizizi imezunguka, umepoteza bei ya mche mmoja. Mimi nilipoteza 40, na miaka mitatu ya cucu, ambaye amefikisha 79.