Barabara Inywayo Mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi nchi ya Kenya hutega sikio. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, nayo bei hiyo hushika mpaka tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Ikipanda, pana vilio. Ikishuka kwa shilingi 1, pana shukrani. Asubuhi yake wenye matatu hupandisha nauli, wabunge huzozana, na magazeti huuliza swali lile lile: je, serikali ipunguze ushuru wa mafuta, au itoe ruzuku? Nakusihi, msomaji, usikimbilie kujibu. Twende kwanza mpaka Kotile, kisha tulitazame swali hilo upya.

Kotile ni mji mdogo wa kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa Ijara, karibu na Mto Tana. Watu wake wengi ni wafugaji. Mifugo ya nchi hiyo ndiyo ijazayo soko la Garissa, ambalo ni mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Atokaye Kotile kwenda Garissa mjini hupitia Masalani, na njia yake kwa muda mrefu imekuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa vumbi liingialo hata ndani ya sanduku lililofungwa. Wakati wa mvua hugeuka tope zito lishikalo gurudumu kama gundi.

Fikiri basi lori liingialo njia hiyo wakati wa masika, limebeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Dereva hutia gia ya kwanza, na gia hiyo ndiyo ilayo mafuta kupita zote. Gurudumu huzunguka mahali pale pale. Utingo hushuka, hukata matawi ya mathenge, huyatandika topeni. Lori husogea hatua chache, hukwama tena. Injini haizimwi, kwa kuwa ikizimwa huenda isiwake. Dizeli iliyovuka bahari kutoka Ghuba ya Uajemi, ikashushwa Mombasa, ikasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, ikabebwa tena kwa lori hadi Garissa, yaishia hapo bila kumfikisha mtu popote. Sasa nijibu: dizeli hiyo imenywewa na lori, au imenywewa na barabara?

Mimi nasema imenywewa na barabara. Nasema pia kwamba mjadala wetu wa bei hautatufikisha mahali maadamu hatumtaji mnywaji huyu.

Kenya hainunui mafuta kwa hiari, bali kwa kukosa budi. Kiwanda cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo kila tone la petroli tulitumialo hutoka ng'ambo likiwa tayari limesafishwa. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, watu wakashangilia. Lakini shehena ya kwanza, iliyotoka Mombasa mwaka 2019, iliuzwa nje ikiwa ghafi. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, bei ilipanda ulimwenguni kote, na mwezi wa Aprili mwaka ule magari yalipiga foleni penye pampu zilizokauka. Mwezi wa Septemba 2023 lita 1 ya petroli ilivuka shilingi 200 mjini Nairobi. Taifa lenye mfuko wa namna hii lapaswa kumhesabia kila mtu anywaye mafuta bure, na barabara mbovu ni mnywaji asiyehesabiwa.

Tazama sasa jinsi mtu wa Kotile anavyotozwa. Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa matengenezo ya barabara, ukatwao katika kila lita. Mwaka 2016 ulipandishwa kutoka shilingi 12 hadi 18, na mwezi wa Julai 2024 kutoka 18 hadi 25. Kwa kiwango hicho, lori lichomalo lita 200 katika safari limetoa shilingi 5,000 kwa ajili ya barabara. Mwenye gari dogo aendaye Thika kwa lami hutozwa kiasi kile kile kwa lita, lakini lita yake humpeleka mbali, na ushuru wake humrudia katika sura ya lami, madaraja na taa. Dereva wa Kotile huchoma lita nyingi kwa mwendo mfupi. Kadiri njia yake ilivyo mbovu ndivyo anavyozidi kutozwa kwa ajili ya njia nzuri ambayo haioni. Pamoja na hayo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliupandisha Ushuru wa Ziada ya Thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Na mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 katika kila zile 25 ili kuwalipa makandarasi madeni ya barabara zilizokwisha kuanzwa. Maana yake lita atakayoichoma mwanao imekwisha kukopewa. Sikatai kwamba deni hulipwa. Nauliza tu ni barabara za nani zilizolikopa.

Kuna wasemao, "Basi na itolewe ruzuku, maskini apumue." Maneno haya yana utamu masikioni. Rais William Ruto, alipoapishwa mwezi wa Septemba 2022, alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na kwamba bilioni 60 kati ya hizo ziliteketea katika miezi 4 ya mwisho. Fedha hizo alizipata nani? Ruzuku hutolewa kwa lita. Achomaye lita nyingi hupata nyingi. Mwenye gari kubwa ajazaye lita 80 alipata mara 80 kuliko kijana wa pikipiki anunuaye petroli ya chupa dukani, na mchungaji aendaye kwa miguu hakupata kitu ila punguzo dogo la bei ya unga, kama lilimfikia. Miezi 4 ilipokwisha hapakubaki hata daraja moja la kuonyesha.

Hapa ndipo wapinzani wangu hutoa hoja yao kubwa, nayo nitaitendea haki kwa sababu imewahi kuwa sera ya serikali. Husema: Kotile ina watu wachache na magari machache, shilingi ya umma na itumike mahali itakapozaa zaidi. Maneno hayo hayakuanza jana. Taarifa ya Serikali Nambari 10 ya mwaka 1965, juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ilisema fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoongeza pato zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme. Soma tena masharti hayo polepole. Penye njia ndipo pastahilipo njia! Asiye na barabara hapewi barabara, kwa sababu hana barabara.

Na kwa nini hakuwa nayo? Serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa nchi iliyofungwa tangu mwaka 1926. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Baada ya uhuru zikaja sheria za hali ya hatari, ambazo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Nchi iliyowekewa komeo miaka 65 huwezi kuihukumu kwa uchache wa magari yake. Kwamba magari ni machache ni matokeo ya siasa, nayo matokeo hayo yanatumiwa kama sababu ya kuiendeleza siasa ile ile. Laiti kipimo hicho cha pato kingetumiwa kwa haki hata katika miradi mikubwa! Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, iligharimu yapata shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa za mkopo kutoka China, na treni zake zikaanza kazi kwa dizeli. Jirani zetu wa Tanzania walizindua mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Sisi tulikopa fedha nyingi kiasi hicho, kisha tukajifunga tena kwa mafuta ya ng'ambo.

Mwingine atasema mafuriko yatazoa kila tutakachojenga. Ni kweli kwamba mto Tana hauna adabu. Mwezi wa Aprili 2024 maji yaliifunika hata barabara ya lami kati ya Garissa na Madogo. Watu wakavushwa kwa mashua, na tarehe 28 mashua moja ikapinduka, roho zikapotea. Lakini jambo hilo lataka tuta liinuliwe na madaraja yazidishwe. Tukiacha kujenga, mashua ndiyo itakayobaki kuwa barabara. Ama hoja ya usalama, mimi naigeuza. Katika njia za msitu wa Boni, kusini ya Ijara, mabomu yamefukiwa chini ya udongo na kuwaua askari na raia. Udongo uliolainika huficha bomu. Lami ngumu huonyesha mkono uliochimba.

Tena usidhani mafuta ni ya magari tu. Vijiji vingi vya Garissa vilivyo mbali na mto hunywa maji ya visima virefu vyenye pampu za dizeli. Katika ukame ulioanza mwaka 2020 na kudumu misimu 5, pampu iliyokosa dizeli ilikuwa hukumu juu ya mifugo iliyosimama kuizunguka. Na dizeli ya pampu hufika kwa njia ile ile ya tope na vumbi. Hali hii yatuhuzunisha zaidi tukikumbuka jua la huko. Mwezi wa Desemba 2019 ulifunguliwa Garissa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliogharimu yapata shilingi bilioni 13. Piga hesabu mwenyewe: bilioni 60 zilizoteketea kwa ruzuku katika miezi 4 zingejenga mitambo 4 kama huo, na nyingine zingebaki. Kisima chenye pampu ya jua hakingojei lori.

Kwa hiyo swali la tarehe 14 liulizwe kwa namna nyingine. Badala ya kuuliza tu lita ni kiasi gani, tumwulize kila mbunge: shilingi 25 alizotoa mwenye lori la Kotile zimemwaga changarawe wapi, zimejenga daraja gani, na ni lini mama mwenye uchungu wa uzazi atafika hospitali ya Garissa usiku wa mvua bila ya kusukumiwa gari? Fedha haziwezi kuwa kisingizio. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia 1 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa kazi 4 tu: maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa. Kanuni zake zilibatilishwa mahakamani mwaka 2019, zikatungwa nyingine mwaka 2021, na miaka ikapita watu wakingoja. Hazina hiyo ilipewa miaka 20. Isipoongezewa muda na Bunge, itafungwa mwaka 2030, na wakati huo wewe usomaye kurasa hizi utakuwa na kitambulisho chako mfukoni na haki ya kuuliza zilikokwenda fedha zake.