Kubomoa kikosi kila msimu: gharama anabeba nani?

Msimu wa Ligi Kuu ya Wanawake ukimalizika tu, kurasa za mitandao za klabu kubwa zinageuka ubao wa kuaga. Picha ya mchezaji akiwa na jezi, jina lake, neno la asante, nembo ya klabu. Kesho yake mwingine, kesho kutwa wawili. Baada ya muda upepo unageuka: sasa ni wageni wanamwaga wino, na benchi jipya la ufundi linatambulishwa. Huku kwetu Nyamigogo, wilayani Biharamulo, ambako mechi ya wanawake unaitazama kwenye kibanda umiza ikiwa mwenye kibanda amekubali kuiacha ligi ya Uingereza kwa dakika tisini, mabishano ya usajili huo siku hizi ni makali karibu sawa na ya wanaume. Nafurahi kuyasikia. Ila yanahusu nani kaja na nani katemwa, na mara chache sana yanagusa swali la msingi: huku kubomoa na kujenga upya kila mwaka kunamgharimu nani?

Tuanze na kombe lenyewe. Mlandizi Queens ya Pwani ilitwaa taji la kwanza la ligi hii msimu wa 2016/17. Tangu hapo hadi 2024/25, misimu minane, kombe limekwenda kwa klabu mbili tu: JKT Queens mara nne, Simba Queens mara nne. Yanga Princess, pamoja na ukubwa wa jina na wingi wa mashabiki, haikuligusa katika misimu hiyo. Klabu hizo mbili hazifanani kabisa katika kuunda kikosi. JKT Queens imebebwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wa wachezaji wake ni askari au vijana waliopitia mafunzo ya jeshi hilo, kwa hiyo ligi ikiisha hawafungashi virago na kukaa nyumbani wakisubiri simu. Simba Queens inategemea zaidi soko: inasajili walioiva, wa ndani na wa nje, inaachana na wasioingia kwenye mipango ya kocha wa wakati huo, kisha mwaka unaofuata inaanza tena.

Siwezi kusema njia ya Simba imeshindwa. Mwaka 2022 walitwaa ubingwa wa klabu wa CECAFA jijini Dar es Salaam kwa kuifunga She Corporates ya Uganda 1-0, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika na kumaliza nafasi ya nne. Wachezaji wa kigeni waliokuja kwa njia hiyo wameinua kiwango cha ligi yetu, na beki wa Kitanzania anayemkaba mshambuliaji mzoefu mazoezini kila siku anajifunza mambo ambayo hakuna kozi inayofundisha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni benchi. Kati ya 2020 na 2024 Simba Queens imepita mikononi mwa Mussa Mgosi, Sebastian Nkoma, Charles Lukula kutoka Uganda, Juma Mgunda na Yussif Basigi kutoka Ghana, yule aliyewafikisha Hasaacas Ladies fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021. Ni watu wenye uwezo, na ndiyo maana nalitaja jambo hili kwa uchungu. Kila kocha anakuja na mfumo wake, na kila mfumo una watu wake. Winga aliyeng'ara kwa kocha wa jana anaonekana mzigo kwa kocha wa leo. Orodha ya wanaoachwa inaanza kuandikwa siku kocha anapobadilishwa.

Halafu kuna lililotokea Aprili 2024. Abdelhak Benchikha alipoondoka Simba ya wanaume, klabu ilimchukua Mgunda kutoka Queens, timu iliyokuwa katikati ya mbio za ubingwa, akazibe pengo. Queens walibeba kombe hata hivyo, na wengi wakaona hakuna kilichoharibika. Mimi naona kombe lile lilifunika kosa kubwa. Hakuna klabu ambayo ingemtoa kocha wa wanaume katikati ya mbio za ubingwa akaokoe timu ya wanawake. Benchi la wanawake lilitendewa kama akiba ya nyumba kubwa.

Sasa nije kwenye mikataba, maana ndiko fedha inakopotelea. Klabu inayojua kwamba mwakani itabadili kocha haina sababu ya kumpa mchezaji miaka mitatu. Inampa mmoja, na mkataba ukiisha mchezaji anaondoka huru. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji mwenye mkataba akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Bila ada, hiyo asilimia 5 ni ya sifuri. Upo pia mfuko mwingine, fidia ya mafunzo, lakini ibara ya 20 ya kanuni hizo inasema wazi kwamba fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Aliyemlea mvulana ana milango miwili ya kudai, aliyemlea msichana ana mmoja, na huo mmoja tunaufunga wenyewe kwa mikataba mifupi.

Anayeumia hapo yuko mbali na Msimbazi, makao ya Simba. Katika shule moja ya sekondari ya upande wetu, mwalimu wa michezo ana kaunta buku lenye majina ya wasichana wake wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: jina, kidato, nafasi uwanjani, na safu ya mwisho ameandika nani ana viatu. Wengi safu hiyo iko tupu. Mipira miwili, nyavu hakuna, na uwanja umeinamia upande wa barabara yanakopita malori ya Rusumo. Katika mfumo wa usajili, kazi ya mwalimu huyo haipo kabisa, kwa sababu shule si klabu na hakuna aliyemwandikia binti kadi ya mchezaji akiwa na miaka 12. Siku mmoja wao akifika Dar es Salaam, historia yake kwenye karatasi itaanzia huko.

Hata hivyo, inawezekana kufika mbali. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Wasakaji wa vipaji wanaotaka kuja huku kwetu nao hawana tena kisingizio cha foleni ya pantoni: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, limeiunganisha Mwanza na Geita, na kutoka Geita hadi Biharamulo ni barabara tu.

Mikataba mifupi inaua pia haki nyingine ambayo wachezaji wetu wameipata miaka ya karibuni. Tangu Januari 2021 FIFA inataka mchezaji mjamzito apewe likizo isiyopungua wiki 14 kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Kwa mwenye mkataba wa mwaka mmoja, klabu haina haja ya kuivunja kanuni hiyo. Inasubiri tu tarehe ifike, kisha inabandika picha ya asante.

Najua hoja ya viongozi wa klabu ndogo: hawana mdhamini wa uhakika, wataahidije mishahara ya miaka mitatu? Ni hoja ya kweli, na kuwalazimisha kungewafilisi. Lakini haizihusu Simba na Yanga, na hizo mbili ndizo zinazopanga bei na desturi ya soko zima. TFF inaweza kuanza nazo: angalau nusu ya wachezaji wazawa wawe na mikataba isiyopungua miaka miwili, na kocha mkuu wa wanawake asihamishiwe timu ya wanaume kabla ligi haijaisha. Kanuni za FIFA zenyewe zinavitaka vyama vya nchi viweke utaratibu wa ndani wa kuzituza klabu zinazolea vijana, kwa hiyo hakuna kinachozuia fidia ya mafunzo kwa wasichana wanaohama ndani ya Tanzania. Chama cha soka cha wilaya kianze kusajili timu za wasichana za kata pamoja na shule zake, ili kila binti awe na kadi mapema. Hayo hayahitaji uwanja mpya wala mdhamini mpya. Yanahitaji kamati ikae kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.