Fremu Tupu, Shimo Tupu

Riwaya ya B. A. Shapiro iitwayo The Art Forger, iliyotoka 2012, niliimaliza kwa siku mbili. Nalisema hilo mapema nisije nikadhaniwa nalalamikia kitabu kibovu. Si kibovu. Ni hodari mno, na hapo ndipo kinaponikera.

Imejengwa juu ya wizi wa kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, watu wawili waliovaa sare za polisi waliingia katika makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston, wakawafunga walinzi, wakakaa humo dakika 81 na kutoka na vitu 13. Miongoni mwavyo mlikuwa na picha ya Vermeer, na picha pekee ya bahari aliyopata kuichora Rembrandt. Fremu zilibaki zimetundikwa tupu, maana mama aliyeanzisha jumba lile aliusia kwamba mpangilio wake usiguswe. Zawadi ya kuvipata imefika dola milioni 10.

Katika riwaya, mchoraji fukara aitwaye Claire anapelekewa picha ya Degas, ati mojawapo ya zilizoibwa, ainakili. (Picha hiyo ni ya kubuni, za Degas zilizoibwa kweli ni michoro midogo tu ya karatasi.) Kadiri anavyoikodolea macho ndivyo anavyoshuku kwamba hiyo nayo ni ya bandia. Msomaji ananaswa hapo hapo. Anafundishwa hata namna ya kuoka turubai ili rangi mpya ionekane ya kale, naye akifika mwisho anamwombea mghushi asikamatwe.

Basi huu ndio ugomvi wangu. Riwaya hizi zina swali moja: kitu hiki ni halisi? Swali la pili, kitu hiki ni cha nani, huchukuliwa kwamba limekwisha jibiwa: ni cha jumba kilimotundikwa. Kwa Boston jibu hilo ni sahihi, sibishani. Lakini tumelishwa hadithi hizi mpaka tunaamini kwamba makumbusho huibiwa tu, wala hayapokei kamwe mali ya wizi.

Mimi ni mtu wa pwani ya Kenya, nami najua kisa ambacho mwandishi wa upelelezi asingehitaji kukiongezea chumvi. Wagiriama humsimikia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, ili roho yake itulie. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye, katika mkutano wa wataalamu, akaonyeshwa picha ya kigango kilichomo katika makumbusho ya Illinois, akakitambua. Cha pili kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu huko Virginia. Cha kwanza kilirudishwa kijijini kwa sherehe mwaka 2007. Yule mzee alikwisha kufa.

Walioviuza hawakuvaa sare za polisi. Vijana waling'oa usiku, maduka ya vinyago yakanunua, matajiri wa Marekani wakapamba sebule, kisha wakayatunukia makumbusho. Utetezi wa wafanyabiashara ulikuwa kwamba vigango hutelekezwa: familia ikihama, huviacha. Ni kweli huviacha, kwa kuwa havifai kuhamishwa! Kwa hoja hiyo makaburi yote ya Boston ni mali ya mpita njia.

Nitaambiwa riwaya si mahakama, na kwamba Shapiro hakuandika habari za Wagiriama. Sawa. Tena namtendea haki: Claire amewahi kuporwa kazi yake na mchoraji mwenye jina, na kurasa hizo zinauma kweli. Anajua basi kuuliza kitu ni cha nani. Mbona ujuzi huo unaishia kwa mchoraji, haufiki kwa mzee aliyesimika?

Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yaliviachia vigango 30 virudi Kenya. Kurudi Kenya ni jambo moja. Kujua kila kimoja kilitoka boma lipi ni jingine, maana walionunua hawakuuliza. Boston wanakata tiketi kuiona nafasi tupu. Kwetu shimo la kigango hufukiwa na masika moja tu, na ukipita mwaka wa pili huoni hata palipokuwa.