NGAO NI YA NANI, NA MLIPAJI NI NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Kila nchi korofi inaporusha kombora, wakubwa wa dunia husema neno moja tu: nunueni ngao. Mtu akiuliza bei, huambiwa anyamaze, maana adui yu mlangoni. Sisi watu wa reli wa hapa Sigalagala twasema: adui yupo kweli, lakini hofu haifuti hesabu.

Tazameni Abu Dhabi. Tarehe 17 Januari 2022, Wahouthi wa Yemen, wanaopewa silaha na Iran, waliushambulia mji huo kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Wenyeji walikuwa na ngao kubwa za Marekani, Patriot na THAAD, na siku ile THAAD ilidungua kombora vitani kwa mara ya kwanza. Hata hivyo malori 3 ya mafuta yalilipuka huko Musaffah, na watu 3 wakafa. Walikuwa nani? Wahindi 2 na Mpakistani 1. Si mawaziri, si matajiri. Ni watu waliokwenda ugenini kutafuta riziki.

Jambo hili latuhusu. Vijana wetu hujifunza uchomeleaji na umeme hapa Sigalagala, kisha wengine huenda Ghuba kutafuta mshahara. Hao ndio watakaokuwa kando ya tangi la mafuta siku king'ora kitakapolia.

Tena hesabu yenyewe imepinda. Kombora moja la Patriot hugharimu kama dola milioni 4, hali ndege isiyo na rubani ya kulipuka hugharimu makumi ya maelfu tu. Ikiwa tajiri huumia kwa biashara hiyo, maskini atafanyaje?

Nasi tumekwisha ingia sokoni. Mwaka 2025 ilijulikana kwamba Kenya inakopa Israeli karibu shilingi bilioni 3.4 kwa ajili ya mitambo ya SPYDER ya kudungua ndege. Hatusemi nchi ilale mlango wazi. Twauliza: ngao hiyo itafunika nini? Bandari ya Mombasa, ama kambi za askari peke yake? Imejaribiwa na nani? Breki za gari-moshi hujaribiwa kabla ya safari, wala hatutosheki na neno la aliyeziuza. Mkopo huo utalipwa kwa kodi inayokatwa katika mishahara yetu; basi Bunge na litujibu waziwazi.

Na mapatano ya kazi za Ghuba yaandikwe hivi: handaki la kujikinga karibu na mahali pa kazi, ruhusa ya kuacha kazi king'ora kikilia, bila kukatwa mshahara, na nauli ya kurudi nyumbani vita vikizuka. Hayo hayahitaji kombora la dola milioni 4.

Ngao isiyomfunika mfanya kazi ni pambo la tajiri. Yasemeni haya katika kila mkutano wa tawi, wala msiogope.

Umoja ni nguvu.