Skrini Nyeusi Si Jibu

Wasee, leo tuongee kitu hakuna mtu huposti: nambari za makosa ndani ya draiva ya picha.

Draiva ndiyo hufanya kompyuta ielewane na chipu ya michoro. Kwa Linux, kazi ikifeli inafaa irudishe nambari hasi inayosema kwa nini. -12, memori imekosekana. -19, hicho kifaa hakipo. -22, umenipa kitu hakieleweki.

Sasa kuna mtu huandika -1 akidhani inamaanisha "kuna shida". Zii. -1 ina maana yake: huna ruhusa. Yaani memori imeisha, wewe unakesha ukipekua ruhusa.

Lakini ile inauma ni -517. Hiyo haisemi nimefeli. Inasema ngoja, yule ninayemtegemea hajafika, nijaribu tena baadaye. Draiva ikiimeza irudishe -22, kerneli inaamini mambo yameisha na haijaribu tena. Unabaki na skrini nyeusi, unailaumu skrini, na skrini iko poa kabisa.

Ni kama stima. Tokeni zikiisha, unanunua. Transfoma ikilipuka, unangoja mafundi. Mtu akikwambia tu "stima hakuna", utafanya nini?

Ndiyo maana sikubali wanaosema kukagua hizi nambari ni kutafuta makosa madogo madogo. Ati "kwangu inawaka". Sawa, siku haiwaki je? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ukisoma kiraka cha draiva, uliza maswali mawili kila mahali panaweza kufeli. Aliyeita hii kazi ataambiwa ukweli? Na vitu vilivyokuwa vimeshikwa, memori na umeme, vimeachiliwa? Lakini usibadilishe nambari ovyo pia. Kama kuna programu tayari inaitegemea, utaivunja.

Na hapa ndio nataka unisikize. Mimi niliacha chuo, na najua vile mlango hufungwa ukiulizwa cheti. Viraka vya Linux hutumwa hadharani, mtu yeyote anaweza kusoma na kujibu. Panfrost, draiva huria ya chipu za Mali, iliingia Linux 5.2 mwaka wa 2019, na kodi yake yote iko wazi. Hakuna mtu atakuuliza ulifika mwaka wa ngapi. Watakuuliza kama hoja yako ni kweli.

Chagua faili moja wikendi hii. Fuata kila -1 mpaka ujue ilitaka kusema nini.